Je, wajua kwa nini mwanafunzi wa udaktari hupotewa na jibu analolijua?

Mwanafunzi aliyekesha akisoma dalili za homa ya uti wa mgongo huweza kuulizwa dalili hizohizo asubuhi wodini, mbele ya daktari bingwa, wenzake na mgonjwa mwenyewe, akabaki kimya. Wanaomtazama hudhani hakusoma. Mara nyingi alisoma, tena vizuri. Kilichomkwamisha ni wasiwasi wa kijamii, yaani hofu kali ya kutazamwa na kuhukumiwa na watu.

Hofu hiyo inapoamka, ubongo huyachukulia macho ya watu kuwa hatari, adrenalini humwagika kwenye damu, moyo huenda mbio na kinywa hukauka. Hayo peke yake yangevumilika. Mwaka 1995 wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells walieleza kwamba mwenye wasiwasi huu huacha kufuatilia kinachoendelea mbele yake na kuanza kujichunguza: je, sauti inatetemeka, je, wameona jasho? Sehemu ya kumbukumbu tunayoitumia kupanga jibu ina nafasi finyu, na ikishajaa maswali hayo, jibu hukosa pa kupita ingawa limo kichwani. Ndiyo maana huenda akalikumbuka mara tu madaktari wanapohamia kitanda cha pili, na ndiyo maana pia baadhi ya wanafunzi hawa huwahoji wagonjwa kwa utulivu wakiwa wawili tu, kwa kuwa hapo mawazo yao yako kwa mgonjwa.

Udaktari hufundishwa hadharani kuliko fani nyingi. Hata mtihani wa vituo, ulioasisiwa na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti, katika miaka ya 1970, humtaka mwanafunzi apite kituo baada ya kituo akimpima mtu huku mtahini akimtazama na kumwekea alama. Ni mtihani wa haki kuliko ule wa zamani uliotegemea hisia za mtahini mmoja, lakini kwa mwenye hofu kila kituo ni jukwaa jipya.

Kinachoikuza hofu zaidi, kwa maoni yangu, ni mbinu za kujificha: kusimama nyuma ya wenzake, kuinamia faili, kutouliza hata asipoelewa. Mwalimu huziona kama uzembe na kumkaripia, naye huzidi kujificha, asipate kamwe kugundua kwamba kukosea mbele za watu kunavumilika.

Hofu ikidumu miezi 6 au zaidi na kuvuruga masomo, huhesabiwa kuwa ugonjwa unaotibika. Propranololi, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, hupunguza mtetemeko kwa saa chache, ila si ya kuombana bwenini, maana inaweza kumbana kifua mwenye pumu. Tiba ya mazungumzo hulenga kiini chenyewe: mwanafunzi hurekodiwa kwa video akizungumza, kisha hujitazama kama anayemtazama mtu mwingine, na mara nyingi hukuta kwamba mtetemeko aliodhani kila mtu aliuona hauonekani kabisa.