Glavu za zari za Uingereza hazikuwa za baridi

Kazi yangu ni kutunza nguo za kale, na watu wakiona hizi glavu za Waingereza za miaka ya 1590 mpaka 1640 hivi, wengi wanadhani ni za kuzuia baridi. Wapi! Angalia vidole kwanza, mara nyingi ni virefu kupita vya binadamu wa kawaida, kwa sababu kidole kirefu chembamba ndo ulikuwa uzuri wenyewe, na malkia Elizabeth I alikuwa anajivunia sana vyake. Kwenye picha za kuchorwa utakuta bwana mkubwa kavaa moja, nyingine kaishika tu ionekane. Ndiyo, wanaume nao walivaa maua na ndege wa kudarizi, tena bila aibu.

Ngozi yenyewe ni ya mbuzi mdogo au mwanakondoo, na haikulowekwa kwenye magome ya miti kama ya viatu, waliifanyia shabu (yale mawe meupe ya madini), chumvi, unga na kiini cha yai ikatoka nyeupe, laini kabisa. Kazi hiyo hiyo ndo aliyokuwa akiifanya baba yake Shakespeare, yule mwandishi wa tamthilia, kule mji wa Stratford. Ubaya wake ni kwamba shabu inatoka na maji, kwa hiyo ngozi ikilowa inakauka ngumu kama ubao, sasa fikiria mvua za London. Ndo maana na sisi hatuzioshi hata ziwe chafu vipi.

Lakini pesa yote iko kwenye kile kipande kipana kinachofunika kifundo cha mkono, ambacho mara nyingi kilidariziwa peke yake kwanza juu ya satini alafu ndo kikaja kushonewa kwenye ngozi. Ukiweka lenzi unaona zari ni utepe mwembamba sana wa fedha, saa ingine umepakwa dhahabu, umezungushiwa kwenye uzi wa hariri, na ukiupitisha kwenye kitambaa kwa sindano unachubuka, kwa hiyo fundi anaulaza juu tu na kuubana kwa vishono vidogo vidogo mpaka jani lijae. Juu yake anaongeza lulu ndogo na visahani vya kung'aa, pembeni lesi ya fedha. Leo fedha imeingia weusi, ila enzi zake zilikuwa zinawaka.

Nyingi zilikuwa zawadi, hasa za mwaka mpya, na za kifahari zilifukizwa manukato ya ambari, miski na zabadi, vitu ambavyo watu wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa. Na zawadi saa ingine ilikuja na kitu ndani! Inasimuliwa kwamba hata kabla ya mtindo huu wa zari, Thomas More akiwa mkuu wa mahakama alipewa na mama mmoja aliyeshinda kesi glavu zilizojazwa pauni 40 za sarafu za dhahabu. Akamshukuru, glavu akachukua, hela akamrudishia.