Manchin na Sinema hawakuwa mtu mmoja

Kila nikifundisha Bunge la Marekani la mwaka 2021 swali ni lile lile, na wiki hii limekuja tena, safari hii kutoka kwa mtu anayeandika uchambuzi kwa umma, aliyeniletea makala yake. Wademokrat walikuwa na rais, walikuwa na mabaraza yote mawili, iweje masenata wawili wasaliti, Joe Manchin wa West Virginia na Kyrsten Sinema wa Arizona, waukwamishe mpango wa Joe Biden? Kwa nini chama hakikuwavua uanachama?

Hilo la uanachama nalimaliza haraka. Tanzania, mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kinamtoka. Ibara ya 71 ya Katiba imeliweka wazi. Marekani hakuna kitu hicho. Mgombea hapitishwi na kamati kuu, anapitishwa na wapiga kura wa jimbo lake kwenye mchujo, na akishinda kiti ni chake. Kyrsten Sinema alijitoa mwenyewe chamani Desemba 2022 na akaendelea kuiwakilisha Arizona hadi muhula wake ulipokwisha Januari 2025. Joe Manchin naye alijitoa Mei 2024, na hakupoteza kiti. Tena mwaka 2021 Seneti ilikuwa 50 kwa 50. Kura ya Makamu wa Rais Kamala Harris ndiyo iliyowapa Wademokrat wingi. Manchin angesukumwa hadi ahamie upande wa pili, Mitch McConnell wa Republican angerudi kuwa kiongozi wa walio wengi, na Biden asingepitisha hata jaji bila ridhaa yake. West Virginia ilimpa Donald Trump karibu asilimia 69 ya kura mwaka 2020. Hapakuwa na Mdemokrat mwingine anayesubiri kukishika kiti kile.

Sasa nije kwenye ninachotaka kusema, maana hapo ndipo uchambuzi mwingi unapopotoka.

Miswada ya mpango huo ilikuwa miwili, na kila mmoja ulikuwa na njia yake. Ule wa miundombinu, yaani barabara, madaraja, reli, mabomba ya maji na intaneti, ulikuwa na fedha mpya dola bilioni 550, na ulihitaji kura 60 kati ya 100 ili kuvuka filibasta, yaani mbinu ya walio wachache kuzuia muswada usifikie kura. Seneti iliupitisha tarehe 10 Agosti 2021 kwa kura 69 dhidi ya 30, Warepublikan 19 wakiuunga mkono, McConnell akiwa mmoja wao. Ule wa pili ulibeba malezi ya watoto, elimu ya awali, bei za dawa na mabadiliko ya tabianchi, na ulipitia utaratibu maalumu wa bajeti ambako wingi wa kawaida unatosha. Sharti ni kwamba kila kifungu kiguse mapato au matumizi ya serikali kwelikweli. Msimamizi wa kanuni wa Seneti, Elizabeth MacDonough, alivikataa vifungu vya wahamiaji mara tatu kwa msingi huo. Sharti lenyewe linaitwa Kanuni ya Byrd, kwa jina la Robert Byrd, seneta ambaye kiti chake ndicho alichokuja kukikalia Manchin.

Ugomvi wa kwanza haukuwa wa kiasi cha fedha. Ulikuwa wa muswada upi utangulie.

Mrengo wa kushoto ndani ya Baraza la Wawakilishi, ukiongozwa na Pramila Jayapal, ulijua kwamba wenye msimamo wa kati wana hamu na barabara kuliko posho za familia zilizokuwa kwenye muswada wa kijamii. Kwa hiyo wakasema: hatutaupigia kura wa miundombinu mpaka wa kijamii uwe salama. Kundi la msimamo wa kati la Josh Gottheimer wa New Jersey likasema kinyume chake, na mwezi Agosti likaizuia hatua ya bajeti iliyohitajika kuufungulia njia muswada wa kijamii, hadi Spika Nancy Pelosi alipowapa tarehe ya kura, 27 Septemba. Wademokrat wasingeweza kupoteza zaidi ya kura tatu barazani. Pande zote mbili, basi, zilikuwa na uwezo wa kuua muswada wa mwenzake, na zote zililijua hilo. Tarehe ile ilipita bila kura.

Turudi kwa hao "wawili". Nimechoka kuona majina yao yakiandikwa pamoja kana kwamba ni mtu mmoja mwenye vitambulisho viwili. Ukitaka kuielewa 2021, soma karatasi moja. Ni ya tarehe 28 Julai, ina saini ya Manchin na ya Chuck Schumer, kiongozi wa Wademokrat katika Seneti, na gazeti la Politico liliifichua 30 Septemba, katikati ya purukushani za ile kura iliyoahirishwa. Manchin ameandika kikomo chake: dola trilioni 1.5, wakati bajeti iliyopitishwa Agosti ilizungumzia trilioni 3.5. Mjadala usianze kabla ya 1 Oktoba. Posho zilenge wenye uhitaji. Chini, Schumer ameongeza kwa mkono wake kwamba atajaribu kumshawishi Joe abadili mengi kati ya hayo. Na karatasi inasema waziwazi kuwa Manchin hatoi dhamana ya kura yake muswada ukivuka masharti hayo.

Wengi wanaishia kwenye ile trilioni 1.5. Endelea kushuka hadi kwenye kodi. Manchin anakubali kodi ya makampuni ipande kutoka asilimia 21 hadi 25. Anakubali kiwango cha juu cha kodi ya mapato ya mtu binafsi kirudi 39.6. Huyu si mtu aliyekuja kuwalinda matajiri wasiguswe. Sinema ndiye aliyekataa kupandishwa kwa viwango hivyo hata kidogo, ikabidi fedha zitafutwe kwingine, kama vile kima cha chini cha kodi cha asilimia 15 kwa makampuni makubwa. Lakini kwenye tabianchi Sinema hakuwa na ugomvi mkubwa. Ni Manchin, seneta wa jimbo la makaa ya mawe, aliyeuondoa mpango wa dola bilioni 150 wa kuzilipa kampuni za umeme zinazohamia nishati safi na kuzitoza zinazozembea.

Mmoja alikuwa anaziba mahali pa kupata fedha, mwingine anaziba mahali pa kuzitumia. Makubaliano na Manchin hayakukusogeza hatua hata moja kwa Sinema. Mtu akiniambia Biden alipaswa "kuwabana wawili wale", namuuliza: kuwabana kuhusu kipi?

Na hawakuwa wawili tu. Tarehe 15 Septemba, kwenye kamati ya nishati na biashara, wawakilishi watatu wa Democratic, Scott Peters, Kurt Schrader na Kathleen Rice, walikikataa kifungu cha serikali kujadiliana bei za dawa, kura zikawa 29 kwa 29. Wawakilishi wa New Jersey na New York walitaka kikomo cha nafuu ya kodi za majimbo (kiasi cha kodi hizo ambacho mtu hukiondoa kwenye kipato kinachotozwa kodi ya taifa), kilichowekwa mwaka 2017 kuwa dola 10,000, kipandishwe. Muswada wa Baraza ukakifikisha 80,000. Nafuu hiyo inawafaa zaidi wenye kipato kikubwa. Seneta Bernie Sanders, wa mrengo wa kushoto, aliipinga. Aliyeitaja pia kama sababu ya kupiga kura ya hapana alikuwa Jared Golden wa Maine, mtu wa msimamo wa kati kabisa. Nionyeshe mstari wa kushoto na kulia unaowaweka Sanders na Golden upande mmoja.

Usiku wa 5 Novemba mkwamo ulivunjika. Joyce Beatty, mwenyekiti wa umoja wa wawakilishi weusi, alipendekeza barabara zipigiwe kura usiku huo na muswada wa kijamii upewe hatua ya kiutaratibu tu. Watano wa msimamo wa kati wakaandika ahadi ya kuuunga mkono baadaye, makadirio rasmi ya gharama yakikubaliana na yale ya Ikulu ya Biden. Jayapal akakubali. Kura zikawa 228 kwa 206, Wademokrat sita wakikataa na Warepublikan 13 wakikubali. Hesabu hapo: Wademokrat waliokubali walikuwa 215, na walihitajika 218. Tarehe 19 Novemba wale watano walitimiza ahadi, Baraza likaupitisha muswada wa kijamii kwa 220 dhidi ya 213. Tarehe 19 Desemba Manchin akatangaza kwenye televisheni ya Fox kwamba hawezi kuupigia kura.

Je, Jayapal aliachia mapema? Vitabu vinajibu kwa uhakika ambao mimi sina. Wale Wademokrat sita waliokataa walisema karata pekee imetupwa, na Desemba ikawapa haki. Upande mwingine, ile karatasi ya Julai inaonyesha mtu ambaye tangu mwanzo hakuahidi kitu, na mfumuko wa bei ulipofika asilimia 6.8 mwezi Novemba alizidi kujifunga. Naelekea kuamini kwamba kuzishikilia barabara kusingembadili, lakini naelekea tu, na kuna miezi ambayo naamini kinyume.

Agosti 2022 sehemu ya muswada ilifufuka kama sheria ya nishati, dawa na kodi, Seneti 51 kwa 50. Manchin aliiandika pamoja na Schumer. Sinema aliondoa kodi iliyowalenga mameneja wa mifuko ya uwekezaji, ikawekwa kodi ya asilimia 1 kwenye makampuni yanayonunua hisa zake yenyewe. Hata mwishoni kila mmoja alidai chake.

Kilichobaki nje ni posho ya watoto. Kuanzia Julai 2021 familia zilipokea hadi dola 300 kwa mwezi kwa kila mtoto wa chini ya miaka sita na 250 kwa wakubwa. Malipo ya mwisho yalitoka 15 Desemba. Kwa kipimo cha ofisi ya sensa kinachojumuisha misaada, umaskini wa watoto ulikuwa asilimia 5.2 mwaka 2021, na mwaka uliofuata ukawa 12.4. Anayemtafuta aliyeizuia asiniletee majina mawili. Manchin alitaka wazazi wawe wanafanya kazi, na aliuona mpango wa kuirefusha posho kwa mwaka mmoja tu kuwa ujanja wa mahesabu wa kuficha gharama halisi. Pamoja naye waliipinga Warepublikan wote 50 wa Seneti, ambao katika makala niliyoletewa hawakutajwa hata mara moja.