Kazi ipo, habari haifiki: kwa asasi ndogo za kandokando ya ziwa

Asasi nyingi ndogo za Mwanza zinafanya kazi kubwa isiyojulikana hata mtaa wa pili. Fedha kidogo ya uhamasishaji ikipatikana, inaishia kwenye fulana na bango. Bango lina jina la asasi na nembo ya mfadhili. Mama anayeanika dagaa Igombe halimwambii atapata nini, wapi, siku gani.

Anzeni na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa vizuri na wavuvi wengi hupumzika. Ukiitisha mkutano wa kichocho saa nne asubuhi katika siku ambazo usiku hauna mbalamwezi, wanaume wamelala na wanawake wako kwenye vichanja. Uwekeni siku za mbalamwezi. Tarehe ya mradi ikigongana na giza, ombeni isogezwe. Mfadhili makini ataelewa.

Redio inafika kambi za visiwani ambako bango halifiki. Tangazo la sekunde 30 linabeba maneno 60 hivi ya Kiswahili. Asasi hupeleka maneno 120, mtangazaji anakimbiza, na namba ya simu hainaswi na mtu. Lisomeni kwa sauti mkipima muda. Mahali na saa vitangulie, namba itajwe mara mbili, jina la asasi lije mwisho.

Picha zipigwe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Mchana jua liko utosini, na mtu akiwa na ziwa nyuma yake uso unatoka mweusi. Mgeuze hadi mwanga umpate shavuni. Hapo hapo mwaloni, mitumbwi inapoegesha, kabla hamjaondoka, andikeni daftarini ni nani, anafanya nini, wapi na lini. Baada ya wiki mbili hakuna atakayekumbuka. WhatsApp hubana picha, kwa hiyo ya gazeti itumeni kama faili. Ombeni ridhaa, na kwa mtoto muulizeni mzazi: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mgonjwa ana heshima yake hata pasipo sheria.

Waandishi wa habari wapeni sababu ya kuja siku hiyo. Tarehe 25 Julai dunia huzungumzia kuzuia vifo vya kuzama majini. 21 Novemba ni siku ya uvuvi. Mwaliko wa ukurasa mmoja utoke siku tatu kabla, wenye namba ya mtu anayepokea simu. Muwe na mvuvi aliyekubali kuzungumza, maana hotuba ya mwenyekiti haiandikiki.

Na acheni kuandika "jamii imehamasishwa". Kama mligawa jaketi okozi 40, rudini baada ya miezi mitatu, alfajiri mitumbwi inapoingia, mhesabu zinazovaliwa. Zikiwa 31, andikeni 31, pamoja na yaliyozipata zile tisa: zimeuzwa, zimechanika, au zinamzuia mtu kuvuta wavu.