Kisanduku kitupu katika dodoso la rangi

Nikituma dodoso langu la majina ya rangi kwenye makundi ya WhatsApp hapa Dodoma, huulizwa: "Mbona hakuna majibu ya kuchagua?" Hayapo kwa makusudi. Ukimpa mtu orodha ya kijani, bluu na njano, atachagua mojawapo, nawe utaishia kuhesabu maneno yako mwenyewe. Mimi naonyesha rangi moja, chini yake kisanduku kitupu. Hapo ndipo zinapokuja damu ya mzee, ugoro, maji ya kunde.

Mwaka 1969 watafiti wa Marekani Brent Berlin na Paul Kay walilinganisha majina ya rangi katika lugha 20, wakaona kwamba watu hukaribiana sana wakionyesha wekundu ulio mwekundu hasa. Wanapopishana ni mipakani. Kwa hiyo mimi hukaa mipakani: kati ya bluu na kijani, au pale nyekundu inapoanza kuwa kahawia, kama udongo wetu. Utafiti wao wa baadaye ulifika lugha 110, kwa vipande 330 vya rangi vilivyoonyeshwa ana kwa ana. Mwaka 2010 Randall Munroe, mchora katuni wa Marekani, alitumia intaneti, akapata majibu zaidi ya milioni 5.

Lakini mtandaoni huoni anachokiona mwenzako. Anayejibu stendi saa saba mchana, jua likipiga kioo, haoni rangi sawa na aliye chumbani. Simu ikiwa kwenye hali ya usiku, nyeupe yenyewe inaingia umanjano. Naomba hali hiyo izimwe, naweka kijivu nyuma ya kila rangi, na kila mtu anapata mpangilio wake, maana rangi iliyotangulia huathiri inayofuata.

Kazi nzito ni kusafisha majibu. Nyekundu, jekundu, chekundu na mwekundu ni jina moja, kwa kuwa -ekundu, -eupe na -eusi hufuata ngeli. Programu ya kuhesabu isiyojua hilo itayafanya manne. Lakini "kijani" na "kijani kibichi" siziunganishi kamwe. Aliyeongeza neno alikuwa na sababu, na sababu hiyo ndiyo ninayoitafuta.

Wanaojibu kwa simu wengi ni vijana. Wazee wafugaji wa Bahi na Chamwino, waliozoea kumtaja ng'ombe kwa rangi na mabaka yake, siwapati huko. Kwao naenda na kadi zilizochapishwa, tunakaa kivulini, nami naandika jibu lilivyotamkwa, hata likiwa Kigogo.