Distonia kwa vijana wenye mtindio wa ubongo: tunapima dawa, au tunapima siku mbaya?

Anayesoma utafiti wa tiba ya distonia, yaani misuli kujikaza na kupinda mwili bila hiari, kwa vijana wenye mtindio wa ubongo huanza kuuliza ni dawa gani iliyojaribiwa. Mimi huanza kwingine: kijana alipimwa na nani, saa ngapi, akiwa amekaa wapi, na mpimaji alijua nini. Dawa nyingi za ugonjwa huu zina ushahidi hafifu. Nyingine hazifanyi kazi kweli, lakini mara nyingi kipimo kilichotumika kisingeweza kuonyesha mabadiliko hata kama yangekuwepo.

Sababu ni tabia ya distonia yenyewe. Ukakamavu wa kawaida wa misuli, ule wanaouita spastisiti, hujitokeza unapounyoosha msuli haraka: ukinyoosha polepole unalegea, ukinyoosha kwa kasi unagoma. Distonia haina utaratibu huo. Kijana aliyelala usingizi mzito anaweza kuwa laini kabisa. Akiamka na kutaka kusema neno moja, shingo inapinda, mkono unajikunja nyuma, mdomo unafunguka bila ridhaa yake. Furaha, hofu, njaa, kibofu kilichojaa, choo kigumu, kiungulia, jino linalouma, kiti kisichomfaa, vyote huongeza mwendo huo. Chanzo chake mara nyingi ni majeraha ya viini vya ndani vya ubongo, yaani basali ganglia na thalamasi. Kwa aliyekosa oksijeni wakati wa kuzaliwa baada ya mimba kutimiza miezi, MRI huonyesha alama kwenye viini hivyo. Kwa aliyepata manjano kali ya uchanga, alama huwa hasa kwenye globasi palidasi, kimojawapo cha viini vya basali ganglia.

Kabla ya kumwingiza mtu kwenye jaribio, lazima tukubaliane kwamba ana distonia. Kuna chombo kifupi kiitwacho HAT, chenye vipengele 7: viwili vya spastisiti, viwili vya ugumu wa misuli usiotegemea kasi, na vitatu vya distonia. Vile vya distonia ni rahisi kueleza. Mguse kijana sehemu nyingine ya mwili, uone kama kiungo unachokichunguza kinaanza kujipinda. Mwambie afanye kitendo kwa kiungo kingine, mathalani kukunja na kukunjua vidole vya mkono wa pili au kupepesa macho, uone kama mwendo usio wa hiari unaongezeka. Kisha ushikilie kiungo huku akitenda kwa kingine, usikie kama ugumu unapanda. Jibu moja la ndiyo linatosha kusema distonia ipo. Wengi wana spastisiti na distonia kwa pamoja, na hapo majaribio huanza kuchanganyika: dawa inapunguza spastisiti, alama za jumla zinashuka, na mwandishi anaripoti kwamba distonia imepungua.

Mchanganyiko mwingine ni wa utambuzi. Baadhi ya vijana walioandikiwa mtindio wa ubongo wana ugonjwa wa kurithi. Maarufu zaidi ni distonia inayoitikia levodopa (dawa inayogeuka kuwa dopamini mwilini), ambayo dalili zake huongezeka kadiri siku inavyosonga na kupungua baada ya usingizi. Picha ya MRI isiyo na kasoro, historia ya kuzaliwa isiyo na tatizo, au ndugu mwenye dalili kama hizo, vinatosha kudai vipimo vya jeni na dozi za majaribio za levodopa. Kijana mmoja wa aina hiyo katika jaribio la watu 10 anaweza kupandisha wastani wa kundi lake lote na kuifanya dawa ionekane ya ajabu. Kwa hiyo kwenye orodha ya masharti ya kushiriki natafuta kwanza sentensi moja: je, magonjwa yanayofanana yaliondolewa, na kwa njia gani?

Sasa vipimo. Kipimo cha Barry-Albright hugawa mwili katika sehemu 8: macho, mdomo, shingo, kiwiliwili, mikono miwili na miguu miwili. Kila sehemu hupata 0 hadi 4, jumla 32. Ni chepesi, ila ngazi zake ni pana mno. Kijana anaweza kupata nafuu inayoonekana kwa macho akabaki kwenye 3 ileile. Kipimo cha Burke-Fahn-Marsden hufika 120 kwa mwendo na 30 kwa ulemavu wa shughuli za kila siku, lakini kilitungwa kwa watu wenye distonia ya kurithi, na kijana asiyeweza kutembea wala kuandika hugonga dari la sehemu ile ya ulemavu kabla hata ya tiba. Kipimo cha DIS ndicho kilichotungwa kwa ajili ya kundi hili. Hutenganisha distonia na choreoathetosisi, yaani mienendo ya kurukaruka na kujinyonganyonga, hupima muda na ukubwa wa mwendo, wakati wa kutulia na wakati wa kutenda. Ubaya wake ni kwamba kinachukua muda na kinahitaji mpimaji aliyefundishwa vizuri.

Vyote vitatu hutegemea video, na video ndipo mambo yanapoharibika. Kiti kiwe kilekile kila safari, mikanda ikiwa kwenye tundu zilezile. Kamera ikae mahali palepale na ionyeshe mwili mzima, pamoja na vidole vya miguu. Saa iwe ileile ukihesabu kutoka dozi ya mwisho, na kijana awe amekula na amekwenda choo. Rekodi kutulia, kuongea au kujaribu kuongea, kunyoosha mkono kuchukua kitu, na kulala chali. Wapimaji wawili wazitazame video zikiwa zimechanganywa, bila kujua ipi ni ya kabla na ipi ni ya baada. Mara nyingi siri huvuja kwa kitu kidogo: kovu jipya tumboni au nywele zilizonyolewa kwa upasuaji, kijana aliyerefuka. Ndiyo maana navutiwa zaidi na timu inayochukua video mbili au tatu za mwanzo katika siku tofauti kabla ya kugusa dawa. Zile video hukuonyesha alama hupanda na kushuka kiasi gani bila tiba yoyote, na mabadiliko yaliyo madogo kuliko hapo hayana maana.

Kuna mtego mwingine hapa. Familia hujiunga na utafiti kijana anapokuwa katika kipindi kibaya. Baada ya miezi mitatu kipindi kile kimepita chenyewe, na dawa iliyokuwapo inachukua sifa. Kundi la plasebo, yaani wanaopewa kitu kisicho na dawa ndani, ndilo pekee linaloweza kuukamata mtego huo.

Triheksifenidili ni mfano mzuri. Ni dawa ya zamani na inaandikwa sana. Utafiti wa wazi wa 2007, ambapo kila mmoja alijua anachomeza, ulionyesha matumizi ya mkono yakiboreka kwa baadhi ya watoto. Humohumo, kundi dogo lenye mienendo mingi isiyo ya hiari lilizidiwa kufikia wiki ya 9, kisha likarudi lilipokuwa baada ya dozi kupunguzwa. Mwaka 2009 likaja jaribio la kubadilishana zamu lenye watoto 16: kila mtoto alipata dawa kwa kipindi kimoja na plasebo kwa kingine, bila yeye wala mpimaji kujua. Tofauti ya maana haikuonekana, na madhara yalikuwa mengi. Cochrane, mtandao unaopitia na kujumlisha tafiti za tiba, walipopitia suala hili mwaka 2018 walipata jaribio hilohilo moja tu linalokidhi masharti yao.

Je, dawa haifanyi kazi? Mimi sisemi hivyo. Watoto 16 ni wachache. Ukigawa watu katika makundi mawili ya kawaida na kutafuta tofauti ya ukubwa wa kati, yaani nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika), unahitaji takriban watu 64 kila kundi ili uwe na uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona. Tofauti kubwa, ya 0.8, bado inadai takriban 26 kila kundi. Kubadilishana zamu hupunguza idadi hiyo kwa sababu kila mtu hulinganishwa na nafsi yake, lakini kunadai dawa ya kwanza iishe kabisa mwilini kabla ya zamu ya pili, na kunadai hali ya kijana isibadilike katikati. Upasuaji wa nyonga au wiki mbili za nimonia zinatosha kuvuruga. Halafu kuna kinywa kikavu. Mama anayeona midomo ya mwanawe imekauka anajua tayari ni zamu ipi, na siri haipo tena. Dawa hii pia hufunga choo, na choo kigumu, kama nilivyotaja, huchochea distonia. Utafiti usiofuatilia choo unaweza kuwa unapima dawa inayotibu kwa mkono mmoja na kuchokoza kwa mwingine.

Baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, ikimezwa hupenya kidogo tu kuingia kwenye mfumo wa neva, na dozi ikiongezwa usingizi hutangulia nafuu. Kwa hiyo utafiti ulihamia kwenye pampu iliyowekwa chini ya ngozi ya tumbo, yenye mrija unaomwaga dawa moja kwa moja kwenye ugiligili wa uti wa mgongo. Hapo dozi huhesabiwa kwa mikrogramu badala ya miligramu. Jaribio la IDYS la Uholanzi, lililochapishwa mwaka 2019, ndilo ninalowapa wanafunzi wasome kwanza. Lilichukua vijana 36 wa miaka 4 hadi 24 wenye ulemavu mkubwa, ngazi ya IV na V ya GMFCS, kipimo cha ngazi tano cha uwezo wa kutembea na kusogea, yaani wengi wao ni wa kiti cha magurudumu. Wote waliwekewa pampu. Kura iliamua pampu ya nani ijazwe baklofeni na ya nani ijazwe maji ya chumvi, kwa miezi 3.

Kipimo chao kikuu kilikuwa malengo binafsi ya kila kijana, kama kuvaa nguo bila maumivu au kukaa muda mrefu zaidi. Kila lengo huandikwa kabla ya tiba kwa ngazi zinazoonekana: mwanzo huwa −2, matarajio 0, kuvuka matarajio hadi +2. Alama hugeuzwa kuwa T, ambapo 50 ni kufikia ulichotarajia. Matokeo: baklofeni 38.9, maji ya chumvi 21.0. Wengi huishia kwenye tofauti hiyo kubwa. Ila chukua kijana mwenye malengo 3 yenye uzito sawa. Asiposogea popote, fomula humpa takriban 22.6. Akipanda ngazi moja kwenye kila lengo hupata takriban 36.3. Kwa hiyo kundi la maji ya chumvi lilibaki lilipokuwa, na kundi la baklofeni lilipanda, kwa kukadiria, ngazi moja na kidogo, bila kufika matarajio. Huo ni ushahidi mzuri wa nafuu ya kweli iliyo ndogo kuliko tumaini lililoandikwa siku ya kwanza, na familia inastahili kuelezwa hivyo kabla ya kisu.

Pampu nayo ina kero zake. Mrija hujikunja, huchomoka, huvuja. Dawa ikikatika ghafla, kijana huanza kuwashwa mwili, kisha homa, ukakamavu kuliko wa awali, degedege, na anaweza kufa. Timu isiyo na mtu wa kupokea simu usiku isianze jaribio hili.

Kuhusu nyaya za umeme zinazowekwa ndani ya ubongo, kwenye globasi palidasi, utafiti wa Ufaransa wa 2009 ulifuata watu wazima 13 kwa mwaka mmoja. Alama za mwendo za Burke-Fahn-Marsden zilishuka kutoka 44.2 hadi 34.7. Wapo walionufaika sana na wapo ambao hawakupata kitu, kwa hiyo wastani haumfai mtu mmoja mmoja. Distonia ya kurithi ya jeni la TOR1A huitikia vizuri zaidi, kwani ubongo wake haujajeruhiwa. Nafuu hujengeka polepole kwa miezi, na kupima mapema ni kujinyima jibu. STIM-CP, utafiti wa Ujerumani wa nyaya hizohizo, ulifuata vijana 16 na kuchagua ubora wa maisha kama kipimo kikuu, uamuzi ninaouheshimu hata kama alama hiyo haikusogea kama ilivyotarajiwa. Dodoso la ubora wa maisha hujazwa na mlezi, na mlezi aliyelala vizuri wiki hiyo hujaza tofauti.

Jambo la ridhaa huachwa mwisho, nami naona lilipaswa kuwa la kwanza. Vijana wengi wa kundi hili wanaelewa zaidi ya miili yao inavyoruhusu kuonyesha. Asiyeweza kusema anaweza kuchagua kwa macho kwenye ubao wa picha, mradi apewe muda, na mradi swali liulizwe mara mbili kwa mpangilio tofauti ili uhakikishe hakuchagua upande ambao kichwa chake huelekea chenyewe. Ubao huohuo utumike kuandika malengo yake, maana mzazi huandika kuvalishwa nguo na kijana akachagua kubonyeza swichi ya kompyuta. Fomu iseme pia nani atajaza pampu jaribio likiisha, nani atabadilisha betri, na dozi ya vidonge itapunguzwaje kwa wiki kadhaa kwa anayejitoa katikati, kwa sababu triheksifenidili na baklofeni haziachwi kwa siku moja.