Kwa nini Kihispania unachokisoma vizuri kinakupotea masikioni?

Umesoma Kihispania miaka mitatu. Gazeti unalisoma, vitenzi huvibabaikii. Siku moja unawatembeza wageni wa Sevilla kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani, Zanzibar, umewasimamisha mbele ya karafuu zilizoanikwa mkekani, na bibi mmoja anauliza: "¿Y ehto lo han secao al sol?" Umekwama. Lau angeandika *¿Y esto lo han secado al sol?*, ungemjibu hapo hapo kwamba ndiyo, zimekaushwa juani.

Wengi husema Wahispania wana haraka. Mimi naona kasi si mzizi wa tatizo. Mgeni aliyefundishwa "nimeshakuambia" akipita soko la Darajani atasikia "nshakwambia". *Ni* imebaki *n* tupu, *me* imetoweka, *ku* na *a* zimekuwa *kwa*. Sisi hatushtuki, maana sikio letu linajua kilicholiwa.

Kihispania nacho kina vinavyoliwa. Vokali za maneno jirani huungana: *va a hablar* husikika "vablar". Andalucía, kusini mwa Hispania ulipo mji wa Sevilla, visiwa vya Canarias na Karibiani, *s* ya mwisho wa silabi hugeuka pumzi nyepesi kama *h*, au hupotea kabisa. *Cansado* huwa "cansao", *para* huwa "pa".

Hapa ndipo sarufi inapolisaidia sikio, na watu wengi hawalioni hili. *La niña viene*, msichana anakuja. *Las niñas vienen*, wasichana wanakuja. Zile *s* zikimezwa, wingi utaujua kwa *n* ya *vienen*. Mbona tumeshazoea? Neno "nyumba" halisemi kama ni moja au kumi. Tunasubiri "imejengwa" au "zimejengwa". Basi kwa Kihispania pia, lisubiri kitenzi.

Na Mzanzibari ana mtaji wake. Aliyepita chuo cha Kurani akazoea *dh*, *gh* na *kh* atakuta *d* ya *nada* iko jirani na *dh*, *g* ya *agua* inaelekea *gh*, na *j* ya Madrid haiko mbali na *kh*. Hata msamiati una undugu wa Kiarabu: *azúcar* na sukari, *hasta* na hata.

Zoezi ninaloliamini ni imla. Tafuta kipande cha sauti cha nusu dakika chenye maandishi yake. Sikiliza bila kuyatazama, andika ulichosikia, rudia mara tatu nne, kisha linganisha. Kila ulipokosea, chunguza sababu. Kama neno hulijui, hilo ni la msamiati. Kama unalijua lakini limekupita, lisikilize peke yake, kisha litamke pamoja na msemaji mpaka mdomo wako nao ule alichokula yeye. Kama umeandika *viene* badala ya *vienen*, rudi kwenye sarufi.

Na katika daftari lako la shambani, chini ya *clavo*, ambayo ni karafuu na pia msumari, andika *secado* na ubavuni mwake "secao". Wageni wa Sevilla watakuja na hiyo ya pili.