Rubani Mwenye Mvi, Kutua kwa Kishindo na Hofu Nyingine za Abiria

Msafiri wa kila wiki huwa na vipimo vyake vya rubani: ametuaje, sauti yake ikoje kwenye kipaza sauti, ana mvi au bado kijana. Hukumu inatoka kabla hata mizigo haijafika. Hofu kuhusu mafunzo ya marubani si ya kupuuzwa, ila vipimo hivi karibu vyote havipimi kitu.

"Akitua kwa kishindo, hajui kazi."

Njia ya kurukia ikiwa fupi au imelowa, rubani hutakiwa aikite ndege chini kwa nguvu kiasi, mahali palipopangwa, ili magurudumu yashike lami na breki zianze kazi mapema. Anayeielea-elesha akitafuta kutua kwa ulaini wa kupigiwa makofi anakula mita ambazo huenda akazihitaji. Na ndege ikikaribia chini kisha ikanguruma na kupaa tena, hakuna aliyeshindwa. Hilo hufanyiwa mazoezi. Wa kuogopwa ni yule anayeng'ang'ania kutua.

"Siku hizi ndege inajiendesha, rubani amekaa tu."

Otopailoti, yaani kompyuta inayoendesha ndege, hushika ndege sehemu kubwa ya safari, kweli. Lakini kupaa karibu daima ni kwa mkono, na kutua vilevile mara nyingi; kutua kwa kompyuta hutumika zaidi ukungu ukiwa mzito. Tena swali la maana ni hili: kompyuta ikisalimu amri, nani anashika?

Tarehe 1 Juni 2009, Airbus A330 ya Air France, safari 447 kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris, ilikuwa juu ya Atlantiki usiku wakati mirija ya kupimia kasi ilipozibwa na barafu. Otopailoti ikajizima. Injini zilikuwa nzima, mabawa mazima. Rubani aliyeshika usukani akavuta pua juu, naye aliendelea kuivuta huku onyo likilia tena na tena kwamba mabawa yameacha kuibeba ndege. Kapteni alikuwa mapumzikoni. Aliporudi, ndege ilikuwa tayari inaporomoka. Haikufika dakika 5 tangu otopailoti izime, watu wote 228 wakawa wamekufa. Wachunguzi wa Ufaransa walitaja wazi kwamba marubani hao hawakuwa wamefunzwa kuiongoza ndege kwa mkono katika kimo kile, vipimo vya kasi vikiwa haviaminiki. Kwa hiyo mwenye hofu ya otopailoti hajakosea sana. Amekosea tu anapodhani rubani amekuwa pambo. Tatizo ni kwamba anahitajika ghafla, na kwa jambo ambalo huenda hajalifanya kwa muda mrefu.

"Mwenye saa nyingi angani ndiye salama."

Februari 2009, ndege ya shirika la Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, ikaua watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Kilio cha familia kilizaa kanuni ya mwaka 2013: hata rubani msaidizi wa shirika la abiria awe na saa 1,500, isipokuwa wachache wanaopunguziwa kwa kupitia jeshini au vyuo maalumu. Ajabu ni kwamba marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wameshavuka saa hizo. Ulaya, rubani mpya anaweza kukalia kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, katika ndege kubwa akiwa na saa 200 hivi, na bado Ulaya ni miongoni mwa maeneo salama zaidi ya kuruka.

Saa nyingi za anga tulivu hufundisha utulivu. Injini kuzimika pua inapoinuka, moshi kujaa chumbani, mwenzako kuzimia kitini: hayo hufunzwa kwenye simuleta, mashine ya chini inayoigiza ndege, ambako marubani wa mashirika kwa kawaida hurudishwa kila baada ya miezi 6 kupimwa upya.

"Nikimwona kapteni mzee, nalala."

Lala, lakini si kwa sababu ya mvi. Kisiwa cha Tenerife, Hispania, 27 Machi 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia katika ukungu na watu 583 wakafa. Kapteni wa mojawapo, ya shirika la Uholanzi KLM, alikuwa mkufunzi mkuu wa shirika kwa ndege hiyo, na alianza kupaa bila ruhusa. Fundi aliyekuwa naye chumbani aliuliza kama ile ndege nyingine imeshaondoka njiani. Akajibiwa kwa uhakika kwamba imeondoka, naye akanyamaza. Leo mdogo hufunzwa kusema na mkubwa hufunzwa kusikiliza, na rubani msaidizi, ambaye wengi humdhania mwanafunzi, hupokezana na kapteni kuendesha safari kwa safari.

Mtikisiko wa hewa tuupite haraka. Bawa la Boeing 777 lilijaribiwa mwaka 1995 likavunjika kwenye asilimia 154 ya mzigo mkubwa kabisa linaotarajiwa kukutana nao. Anayeumia ni asiyefunga mkanda.

Penye hofu ya haki ni kwingine. Boeing 737 MAX ilipoingia sokoni, aliyezoea 737 ya zamani alihamia kwa somo fupi la kompyuta, bila simuleta, na mfumo wa MCAS uliokuwa na uwezo wa kusukuma pua chini haukutajwa kwenye vitabu vyake. Ajali 2, Oktoba 2018 na Machi 2019, ziliua watu 346. Ndege hiyo iliporuhusiwa tena Marekani Novemba 2020, simuleta ikawa lazima.